Mama wa Siu na darsa la kitandani

Wadau, Ramadhani hii akina mama wengi wanalia: futari iko jikoni, mtoto anataka kubebwa, darsa linampita. Sheria inamruhusu anayenyonyesha ale, siku alipe baadaye, lakini elimu je?

Mkumbukeni Mwana Kupona binti Msham, kisiwani Pate. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alifariki 1856. Mjane akaugua, na binti yake Mwana Hashima bado mdogo. Hakungoja kupona. Mnamo 1858 alimtungia utenzi: dini, adabu, ndoa, mwishoni dua kwa ajili ya wanawe. (Hayo ya kumtii mume, wadada wa leo wanayabishia kweli!) Mnamo 1860 akafariki. Bintiye aliishi hadi karne ya 20, na utenzi bado unasomwa.