Cinema 16

Cinema 16 ilikuwa klabu ya filamu katika jiji la New York, Marekani, iliyoendeshwa na Amos Vogel na mke wake Marcia Vogel kuanzia mwaka 1947 hadi 1963. Kila mwezi katika msimu wake iliwaonyesha wanachama filamu ambazo kumbi za kawaida za sinema hazikuzichukua: filamu za majaribio, za kisayansi, za hali halisi na za kutoka nchi za nje. Ilipokuwa na nguvu zaidi ilifikisha wanachama wapatao 7,000, jambo lisilo la kawaida kwa klabu ya aina hiyo.

Jina lake linatokana na utepe wa filamu wenye upana wa milimita 16. Utepe huo ulikuwa mwembamba na wa bei nafuu kuliko ule wa milimita 35 uliotumiwa na kumbi kubwa, kwa hiyo ulitumika sana shuleni, vyuoni na kwa watengenezaji wa filamu waliojitegemea.

Mwanzo

Amos Vogel alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1921 katika familia ya Kiyahudi. Huko ndiko alikozoea kwenda kwenye klabu ya filamu tangu ujana wake. Mwaka 1938, baada ya Ujerumani ya Hitler kuitwaa Austria, alikimbia na familia yake na hatimaye akafika Marekani. Alipohamia New York alikuta kwamba filamu nyingi alizosoma habari zake hazikuonyeshwa popote, ingawa nakala zake zilikuwepo.

Mfano wa kufuata aliupata kwa Maya Deren, mtengenezaji wa filamu ambaye mwaka 1946 alikodi ukumbi mdogo wa maigizo uitwao Provincetown Playhouse, mtaa wa Greenwich Village, na kuonyesha kazi zake mwenyewe. Vogel alikodi ukumbi huohuo, wenye viti 200 hivi, akafanya onyesho lake la kwanza Novemba 1947. Katika programu hiyo kulikuwa na filamu ya ngoma ya Martha Graham, filamu ya Julian Huxley kuhusu nyani na binadamu, na *The Potted Psalm* ya Sidney Peterson na James Broughton. Kuweka ngoma, sayansi na ndoto za ajabu katika jioni moja kulikuwa kusudi lake: mtazamaji aliyefuata kimoja alilazimika kukutana na vingine.

Watu walijaa, lakini fedha zilikuwa chache. Muda mfupi baadaye onyesho lililotangazwa kwa gharama kubwa liliangukia siku ya dhoruba ya theluji, wakaja watu wachache mno, na mradi ukakaribia kufa.

Udhibiti na uanachama

Tatizo kubwa kuliko theluji lilikuwa sheria. Wakati huo kila filamu iliyoonyeshwa kwa umma katika jimbo la New York ilipaswa kupelekwa kwanza kwa wakaguzi wa jimbo na kulipiwa ada. Kwa mtu mwenye filamu fupi nyingi na mapato madogo, hata ada peke yake ilikuwa mzigo, achilia mbali hatari ya filamu kukatwa au kukataliwa.

Vogel alijibu kwa kuigeuza Cinema 16 kuwa klabu ya wanachama isiyo ya faida. Tiketi hazikuuzwa tena mlangoni. Mtu alilipa ada ya mwaka na kupata maonyesho ya msimu mzima. Kwa kuwa maonyesho hayakuwa ya umma, hayakupitia kwa wakaguzi. Ada iliyolipwa mapema ilileta faida nyingine ambayo pengine ilikuwa muhimu zaidi: mwanachama hakuchagua filamu moja moja, na Vogel aliweza kuweka kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Watazamaji walizomea mara kwa mara, na yeye hakuona hilo kuwa kasoro.

Maonyesho

Ukumbi uliokumbukwa zaidi ni wa shule ya sekondari ya ufundi wa ushonaji, Central Needle Trades, huko Manhattan, wenye viti zaidi ya 1,500. Wanachama walipewa maelezo yaliyochapishwa kuhusu kila filamu. Marcia Vogel alisimamia shughuli nyingi za uendeshaji, ingawa maandishi mengi humtaja mume wake tu.

Kazi za Yasujirō Ozu, Robert Bresson, Agnès Varda na Roman Polanski zilipitia hapa kabla hazijajulikana Marekani. Novemba 1959 klabu ilionyesha *Shadows* ya John Cassavetes pamoja na *Pull My Daisy*. Mwaka 1953 iliandaa mjadala kuhusu ushairi na filamu, ambapo Maya Deren alikaa meza moja na Dylan Thomas na Arthur Miller. Alfred Hitchcock naye alikuja kuzungumza na wanachama. Vogel, aliyekimbia Wanazi, alithubutu hata kuonyesha *Der ewige Jude*, filamu ya propaganda dhidi ya Wayahudi, ili watu waone jinsi chuki inavyotengenezwa.

Upinzani na mwisho

Cinema 16 pia ilisambaza filamu, na hapo ndipo uchaguzi wa mtu mmoja ulipoleta manung'uniko. Vogel alipokataa *Anticipation of the Night* ya Stan Brakhage, watengenezaji kadhaa waliona kwamba mlango wao pekee una bawabu. Mwaka 1962 Jonas Mekas na wenzake walianzisha ushirika wa usambazaji uliopokea filamu yoyote bila kuchuja.

Wakati huohuo gharama zilipanda, na kumbi za kibiashara zilianza kuonyesha filamu za nje zilizokuwa zikipatikana kwenye klabu peke yake. Cinema 16 haikuwa na ruzuku yoyote ya kuibeba, ikafungwa mwaka 1963. Mwaka huohuo Vogel alishirikiana na Richard Roud kuanzisha Tamasha la Filamu la New York, akabaki nalo hadi 1968. Kitabu chake, *Film as a Subversive Art*, kilitoka mwaka 1974. Alifariki New York mwezi Aprili 2012, na maktaba yake binafsi ilipelekwa kwenye Makumbusho ya Filamu ya Austria, mjini Vienna.