Mwanzo wa muvi ya kusisimua: usichelewe kuingia!

Wadau, huku Kabwe, mwambao wa Ziwa Tanganyika, watu huchelewa kuingia banda la video wakidhani mwanzo si kitu. Mnakosa uhondo! Mwanzo mzuri unakunasa kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kukuficha. Kwenye Jaws (1975) ya Steven Spielberg, msichana anaogelea baharini usiku, ghafla anavutwa chini. Papa haonekani kabisa, ni muziki wa John Williams na mayowe tu. Siku ile nilirudi nyumbani mbio, sikutaka hata kuliangalia ziwa, teh teh!

Ya pili ni kukupa siri. Touch of Evil (1958) ya Orson Welles inaanza na mtu anategesha bomu, analiweka kwenye buti la gari. Wenye gari hawajui, wewe unajua. Kamera haikatwi kwa zaidi ya dakika tatu, roho juu!

Sasa bongo muvi nyingi zinaanza na gari linaingia getini taratibu. Hakuna kilichofichwa, hakuna siri. Mimi natamani kutengeneza yangu siku moja, ndo maana nawahi kiti cha mbele.

Wewe ulinaswa na mwanzo gani? Nawasilisha.