KODI YA FAIDA YA HISA: NANI ALIYESAMEHEWA?

Katika vilima vya Kagugu, wilayani Gasabo, askari aliyeweka akiba yake miaka mingi hufikiria kwanza kiwanja. Kiwanja huonekana, hukanyagwa, na jirani hukijua. Hisa haionekani. Ndiyo sababu serikali nyingi za Afrika Mashariki, zilipotaka kuwavuta wananchi kwenye masoko ya hisa, zilishika njia ya kupunguza au kuondoa kodi ya faida apatayo mtu anapouza mali kwa bei iliyozidi ile aliyoinunulia.

Kisa cha Kenya ndicho kirefu kuliko vyote. Kodi hiyo iliwekwa mwaka 1975, ikasimamishwa mwezi Juni 1985, kwa madhumuni ya kuhimiza ujenzi na soko la hisa la Nairobi. Ilikaa kando karibu miaka 30. Je, ni nani aliyefaidika? Katika muda huo bei ya ardhi ya Nairobi ilipanda mara nyingi, na aliyekuwa na ardhi aliiuza bila kutozwa senti moja ya kodi hiyo. Wanunuzi wadogo wa hisa hawakumiminika mwaka 1985, wala mwaka uliofuata. Walimiminika mwaka 2008, Safaricom ilipouza hisa kwa shilingi 5 kila moja. Hapo zaidi ya watu 800,000 walijitokeza. Hawakuitwa na msamaha wa kodi uliokwisha kuwapo miaka 23. Waliitwa na kampuni waliyoijua na bei waliyoimudu. Kisha bei ikashuka chini ya shilingi 5, ikakaa huko miaka kadhaa. Na mwenye hasara, asamehewe kodi gani?

Kenya iliirudisha kodi hiyo tarehe 1 Januari 2015, kwa asilimia 5. Madalali wa hisa walipinga mara moja, wakidai kwamba hawana njia ya kujua kila mteja alinunua hisa zake kwa bei gani. Hoja hiyo haikuwa kisingizio kitupu, maana hisa nyingine zilikuwa za urithi na karatasi zake zimepotea zamani. Sheria ya fedha ya mwaka huo huo ikaziondoa hisa za sokoni katika kodi hiyo. Ardhi na majengo vilibaki, na tangu Januari 2023 kiwango kikawa asilimia 15.

Rwanda ilikuwa na nafasi ya kujifunza kwa jirani. Bralirwa ilifungua mlango wa soko la hisa la Kigali Januari 2011, na Benki ya Kigali ikafuata Septemba mwaka huo kwa faranga 125 kila hisa. Sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2018 ilitoza asilimia 5 faida ya mauzo ya hisa, lakini ikaziacha hisa zinazouzwa sokoni pamoja na vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Chukua mfano wa koplo aliyenunua hisa 1,000 za benki hiyo kwa faranga 125,000. Akiziuza sokoni kwa faranga 225,000, faida yake ya faranga 100,000 ni yake yote. Tajiri auzaye kampuni yake nje ya soko alitozwa.

Mstari huo umechorwa vyema kuliko ule wa Kenya wa mwaka 1985, uliomwachia mwenye ardhi kila kitu. Hata hivyo, haki haijakamilika. Mfanyakazi hukatwa asilimia 30 ya sehemu ya mshahara inayozidi faranga 200,000 kwa mwezi, na hukatwa kabla hajaushika mkononi. Mwenye hisa milioni moja husamehewa sawasawa na yule koplo wa hisa 1,000, na msamaha wake ni mkubwa mara elfu.

Askari wa Rwanda walianza kuweka akiba pamoja katika Zigama tangu 1997, miaka 14 kabla ya hisa ya kwanza ya Bralirwa kuuzwa sokoni. Hakuna aliyewaahidi msamaha wa kodi ndipo waanze.