Usukani umekaa upande

Dereva wa Land Rover Defender akitoka porini humwambia fundi: "Usukani umepinda." Ni kauli ya kawaida, ila mara nyingi si kweli. Usukani wenyewe ni mzima. Umekaa upande tu, gari likiwa linakwenda moja kwa moja. Gari linalokwenda kombo lenyewe, sisi husema linavuta. Tofauti hiyo ilindwe, maana fundi hutibu kile alichotajiwa.

Asili ya neno "usukani" ni Kiarabu, sukkan, yaani ule ubao wa tezini unaogeuza chombo majini. Pwani usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari, na mkono wa nahodha ulikuwa mbali na ubao wenyewe kama ulivyo mkono wa dereva mbali na matairi.

Kosa, basi, litafutwe huko kati. Kwenye Defender za zamani kuna rodi inayounganisha boksi la stelingi na gurudumu. Ikigonga jiwe ikapinda, au ikifungwa kwa urefu usio wake, usukani huhama. Kwanza pimeni alaimenti. Kisha legezeni klampu za rodi hiyo, izungusheni kidogo kidogo mpaka usukani ukae sawa, mkaze. Kuuchomoa usukani na kuurudisha umenyooka ni kuficha ugonjwa: boksi linabaki nje ya kati yake, na gari hukata kona vizuri upande mmoja kuliko wa pili.

"Umekaa upande." Mwambieni fundi hivyo.