Mji wa Berlin Wakati wa Baridi, na Mwalimu Aliyeurudia

Mtu aendaye mji wa mbali mara ya kwanza husimulia majumba yake. Akienda mara ya pili husimulia watu wake. Wazee wetu wa Kasulu na Kibondo walilijua sana jambo hili, wale walioshuka Kigoma kupanda gari la moshi kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga. Walipotoka safari ya kwanza walieleza habari za bahari na meli. Walipotoka safari ya pili walieleza habari za mnyapara, posho na kipande. Leo napenda kuwaeleza habari za mtu mmoja wa nchi yetu aliyelijua jambo hilo hilo katika mji mkuu wa Wadachi, yaani Berlin.

Jina lake Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa Dunda, bara ya Bagamoyo, yapata mwaka 1869, akasoma chuoni Bagamoyo hata akawa mtu wa elimu. Wadachi walipotawala pwani, alifanya kazi ya kukusanya kodi ya nyumba. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kuwa mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki, kilichofunguliwa mwaka 1887. Humo walifundishwa Wadachi waliotaka kuja huku kwa kazi ya serikali au ya biashara. Mtoro hakuwa mwalimu wa kwanza kutoka kwetu, maana Amur bin Nasur wa Unguja alikwisha kufundisha pale tangu mwaka 1891 hata 1895.

Sisi tukaao milimani twadhani twaijua baridi, kwa kuwa asubuhi za Juni na Julai twaota moto kabla ya kushika jembe. Lakini baridi ya Berlin ni nyingine. Mji ule uko mbali sana upande wa kaskazini. Mwezi wa Desemba jua huchomoza saa mbili na robo, na kabla ya saa kumi jioni limekwisha kutua. Miti hupukutisha majani yote ikawa kama iliyokufa, na theluji huanguka kimya juu ya mapaa. Baridi ikizidi, maji ya maziwa yaliyo kando ya mji huganda yakawa magumu kama jiwe, hata watu hutembea juu yake.

Mgeni aliyefika mwaka ule wa 1900 aliona mji wenye watu karibu milioni mbili. Aliona Lango la Brandenburg, lililomalizika mwaka 1791, na juu yake sanamu ya gari la farasi wanne. Napoleon alipowashinda watu wa nchi ile mwaka 1806 aliichukua sanamu hiyo akaipeleka Paris, nayo ikarudishwa mwaka 1814. Aliona gari la moshi likipita juu ya matao ya matofali katikati ya mji, kazi ya mwaka 1882. Na mwaka 1902, Mtoro akiwa angali mwalimu pale, ilifunguliwa reli ipitayo chini ya ardhi. Tena iko bustani ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1844, ambamo wanyama wa nchi za joto hutunzwa katika nyumba zenye moto.

Na chakula je? Wakati wa baridi ardhi ni ngumu, wala haioti kitu. Kwa hiyo watu wa kule hujiwekea akiba, kama sisi tuwekavyo maharage ghalani na kukausha dagaa wa ziwa letu. Kabichi hukatwa vipande vyembamba, hutiwa chumvi na kushindiliwa katika mapipa hata ikawa chachu, nayo hukaa miezi mingi bila kuoza. Viazi mviringo ndivyo ugali wao; Mfalme Frederick aliamuru watu wake wavipande mwaka 1756, kwa maana alijua ya kuwa njaa humshinda hata mwenye askari wengi. Siku ya Krismasi watu wengi huchoma bata bukini, na njiani wachuuzi huuza njugu za mti zilizochomwa juu ya makaa. Nyama ya nguruwe ni nyingi, hata Mwislamu kama Mtoro ilimpasa kuuliza kabla ya kutia mkono.

Hayo ndiyo mambo ya kutazama. Lakini mtu mweusi aliyekwenda kutazama mji ule alitazamwa yeye. Mwaka 1896 yalifanywa maonyesho makubwa katika bustani ya Treptow, hapo Berlin. Watu zaidi ya mia moja waliletwa kutoka makoloni ya Wadachi, na wengine wao walitoka pwani yetu. Walijengewa vijiji, wakaketi humo ili wenyeji waje kuwatazama. Mtoro alikuja miaka minne baadaye, naye alikuja kwa elimu yake. Walakini wako wanafunzi waliokataa kumpa heshima ya mwalimu. Mwaka 1903 aliiacha kazi ile. Mwaka huo huo kilitoka kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ni maandiko yake, na jina lililowekwa mbele ni la Velten, Mdachi aliyekitengeneza.

Mwaka 1904 Mtoro alioa mwanamke wa Berlin, Bertha Hilske, mfanya kazi wa kiwanda. Ndoa ilikuwa halali kwa sheria ya nchi ile. Wakapanda meli mwaka 1905 kuja kwetu, Mtoro akitaka kukaa na mkewe katika nchi yake. Walipofika pwani serikali haikuwapa ruhusa ya kushuka na kukaa kama mume na mke. Gavana wakati ule alikuwa Graf von Götzen. Mtu aliyezaliwa katika nchi hii aliiona nchi yake toka melini, akarudishwa Ulaya.

Ndivyo Mtoro alivyourudia mji wa Berlin. Lango lilikuwa lile lile, na baridi ile ile; bali mara hii hakuja kwa kuitwa, alikuja kwa kukosa pengine pa kwenda. Alidai haki yake kwa barua. Tangu mwaka 1909 alifanya kazi Hamburg kwa Carl Meinhof, bingwa wa lugha za Kibantu, kisha alipata riziki kwa kuwahutubia Wadachi habari za Afrika. Mkewe hakumwacha kwa ajili ya serikali. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Sasa nawakumbusheni jambo lililo karibu nasi. Meli ya ziwa letu, Liemba, iliundwa Papenburg huko Udachi mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari na reli hata Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Goetzen, jina la gavana yule yule. Mwaka 1916 Wadachi wenyewe waliizamisha. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927, mwaka aliofariki Mtoro, ikaanza tena safari kwa jina la Liemba. Jina la gavana limeondoka katika meli, na maneno ya mwalimu yangali yasomwa.

Watu wa Kasulu, waliopokea wakimbizi katika kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996, hawahitaji kuelezwa ni kitu gani mtu kuzuiliwa asirudi kwao. Basi, msomaji, ukipata safari ya kwenda mji mkubwa, yatazame malango na majumba, ule na vyakula vyake. Kisha uulize ni wageni gani wakaao pale wasioweza kurudi kwao, nawe utakuwa umeanza kuujua mji ule.