Palm, Pocket PC au Psion? Jinsi watu walivyochagua PDA ya kutumia na kompyuta

Kabla simu yako haijawa kalenda, daftari, kikokotoo na kitabu cha namba, kazi hizo zilikuwa na kifaa chake. Kiliitwa PDA, yaani msaidizi binafsi wa kidijitali. Kilienea mfukoni, vingi vyake havikupiga simu, na bila kompyuta pembeni kilikuwa nusu kifaa.

Waliokuwa wakinunua PDA kuanzia 1996 hadi katikati ya miaka ya 2000 walikuwa na kichwa cha kuuma: ninunue ipi? Ukikosea, hasara haikuwa hela peke yake. Namba, miadi na maandishi yako ya miaka kadhaa yangeweza kukwama ndani ya kifaa kisichoelewana na kompyuta yako, au kufutika kabisa siku betri ikiisha.

Hapa tunakupa vifaa vilivyokuwepo, maswali yaliyotumika kuchagua, na kwa nini maswali hayo bado yanakuhusu wewe mwenye simu janja.

PDA ilianzia wapi?

Kampuni ya Psion ya Uingereza ilitoa Organiser mwaka 1984. Kwa macho ilifanana na kikokotoo kinene, lakini iliweza kuhifadhi rekodi. Mwaka 1991 ikaja Psion Series 3, iliyofunguka kama kasha la miwani na yenye kibodi kamili ndani.

Jina lenyewe la PDA lilipata umaarufu mwaka 1992, pale John Sculley, bosi wa Apple wakati huo, alipolitumia kuelezea kifaa walichokuwa wanakiandaa. Kifaa hicho, Newton MessagePad, kilitoka 1993. Kilikuwa kikubwa, cha bei, na kilisoma mwandiko wa mtu vibaya kiasi cha kugeuzwa kichekesho. Apple iliachana nacho mwaka 1998.

Aliyepatia ni Jeff Hawkins, mwanzilishi wa Palm. Kabla ya kutengeneza chochote, alichonga kipande cha mbao chenye ukubwa aliokuwa anaufikiria, akawa anatembea nacho mfukoni. Mtu akimwomba miadi, anakitoa na kujifanya anaandika. Alitaka kujua kama kweli mtu anaweza kuishi na kitu kile. Machi 1996 zikatoka Pilot 1000 na Pilot 5000. Ile ya bei ya chini iliuzwa dola 299 Marekani.

Mwaka huohuo Microsoft nayo ikatoa Windows CE, mfumo wake wa kompyuta ndogo. Vita ikaanza.

Kambi tatu za sokoni

Palm. Skrini yake ya mwanzo haikuwa na rangi na ilikuwa na nukta 160 kwa 160 tu. Pilot 1000 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128. Kwa leo, hata picha moja ya WhatsApp inaweza isienee humo. Lakini ilitumia betri mbili ndogo za AAA na zilidumu kwa wiki kadhaa. Uliandika kwa kikalamu, ukifuata herufi maalumu zilizoitwa Graffiti. Kampuni nyingine, kama Handspring na Sony, nazo zilitengeneza vifaa vyenye mfumo wa Palm.

Pocket PC. Hili ni jina ambalo Microsoft ililileta mwaka 2000. Kifaa kilichotamba zaidi ni iPAQ ya Compaq: skrini ya rangi, muziki, na matoleo madogo ya Word na Excel. Ilivutia macho. Tatizo lilikuwa chaji. Hukuhesabu wiki kama kwenye Palm. Ulitafuta umeme mapema.

Psion. Hii ilikuwa ya watu wa kuandika. Series 5 ya mwaka 1997 ilikuwa na kibodi nzuri kwa umbo lake na ilitumia betri mbili za AA. Kama kazi yako ni ripoti ndefu safarini, hii ilikufaa kuliko kuchora herufi moja moja kwa kikalamu.

Maswali matano yaliyoamua

Dukani mtu anaangalia skrini, rangi na wembamba. Lakini PDA iliishi kwa kusawazisha data: unaiunganisha na kompyuta, kilichobadilika huku kinahamia kule, pande zote mbili zinabaki sawa. Kwenye Palm ulikuwa unaiweka kwenye kitako chake cha mezani, unabonyeza kitufe kimoja cha HotSync, basi. Kwa hiyo mnunuzi makini alianzia kwenye kompyuta yake, halafu ndiyo akaja kwenye kifaa.

1. Kompyuta yangu ni ya aina gani?
ActiveSync, programu ya Microsoft ya kusawazisha Pocket PC, ilikuwa ya Windows tu. Mwenye Mac alilazimika kununua programu ya kampuni nyingine. Palm ilikuwa na programu za pande zote mbili. Swali hili moja liliweza kufuta nusu ya vifaa kwenye orodha yako.

2. Ina tundu gani?
Vitako vya Palm za mwanzo vilichomekwa kwenye tundu la zamani la siriali. Mwaka 1998 Apple ikatoa iMac isiyo na tundu hilo, ina USB tu. Mwenye iMac akawa anahitaji adapta. Handspring Visor ilipotoka 1999 ikiwa na kitako cha USB, watu hao walipumua. Upande wa pili, ofisi nyingi zilikuwa bado na Windows NT 4.0, ambayo haikuwa na USB kabisa. Kifaa kipya, kompyuta ya zamani, hakuna mawasiliano.

3. Kalenda yangu inakaa kwenye programu gani?
Kama ofisi nzima inatumia Outlook, Pocket PC iliingia moja kwa moja, maana zote ni za Microsoft. Kama ni Lotus Notes, ulihitaji programu ya ziada ya kuziunganisha. Ukinunua bila kuuliza, unaishia kuandika miadi mara mbili, mara moja kwenye kompyuta na mara nyingine kwenye kifaa. Baada ya wiki mbili unachoka, kifaa kinaenda kwenye droo.

4. Betri ikiisha, data zinaenda wapi?
Hili ndilo lililoliza wengi. PDA za wakati ule zilihifadhi maandishi yako kwenye kumbukumbu iliyohitaji umeme muda wote. Betri ikiisha kabisa, au ukichelewa kubadilisha zile za AAA, kila kitu kinafutika na kifaa kinawaka kama kimetoka dukani leo.

Dawa ilikuwa moja: nakala iliyoko kwenye kompyuta. Aliyesawazisha jana alirudisha vitu vyake vyote kwa dakika chache. Ambaye hajasawazisha miezi mitatu alianza kuomba namba upya kwa watu. Vifaa vinavyotunza data hata bila umeme vilikuja baadaye, mfano Palm Tungsten T5 ya mwaka 2004, na Pocket PC zenye Windows Mobile 5.0 kuanzia 2005.

5. Kampuni ikiacha biashara, nitatoaje vitu vyangu?
Wachache walijiuliza hili, na walikuwa sahihi. Psion ilitangaza kujitoa kwenye soko la vifaa hivi mwaka 2001. Sony ikafunga mlango mwaka 2005. Palm ilinunuliwa na HP mwaka 2010 kwa takriban dola bilioni 1.2, na mwaka uliofuata HP ikatangaza kuacha kutengeneza vifaa vyake. Mitambo ya mtandaoni iliyokuwa inahudumia simu za mwisho za Palm ikazimwa Januari 2015.

Ambaye namba zake zilikuwa pia kwenye kompyuta, tena kwenye faili ambalo programu nyingine inaweza kulisoma, alihama bila maumivu.

Na huku kwetu je?

PDA hazikuwahi kuenea mtaani Afrika Mashariki kama simu, lakini zilifanya kazi kubwa kwenye afya.

Mwaka 2004, watafiti wa afya walitumia PDA kwenye utafiti wa kaya zaidi ya 20,000 katika mikoa ya Lindi na Mtwara, kusini mwa Tanzania. Badala ya kujaza madodoso ya karatasi na baadaye kumpa mtu mwingine ayaingize kwenye kompyuta, mhoji aliandika majibu palepale kwenye kifaa. Kifaa kiliweza kukataa jibu lisilowezekana, na data zikahamishiwa kwenye kompyuta bila kunakiliwa upya kwa mkono.

Uganda nako, kuanzia 2003, mradi wa mtandao wa taarifa za afya uliwapa wahudumu wa vituo vya vijijini PDA za kujazia ripoti na kupokea maelezo ya tiba. Taarifa zilipita kwenye mtandao wa simu badala ya kusubiri gari la kupeleka makaratasi.

Ukiangalia mifano yote miwili, uzuri wa skrini haukuwa na nafasi. Kilichotakiwa ni kifaa kinachovumilia siku nzima porini na kufikisha data kwenye kompyuta zikiwa salama. Ni maswali yaleyale matano.

Simu ilivyoimeza PDA

Kutembea na vifaa viwili kulichosha watu. Mwaka 2002 Handspring ilitoa Treo, PDA ya Palm yenye simu ndani yake. BlackBerry ikateka watu wa ofisini kwa barua pepe. Mwaka 2007 ikaja iPhone, na PDA isiyopiga simu ikakosa sababu ya kuwepo.

Hata Psion haikupotea bure. Mfumo wake wa EPOC ndio uliozaa Symbian mwaka 1998, na Symbian ndiyo iliyokuwa ndani ya simu nyingi za Nokia zilizotamba huku kwetu, kama N95 na E63. Kama uliwahi kuchomeka Nokia kwenye kompyuta ukafungua Nokia PC Suite ili unakili namba, ulikuwa unafanya kilekile alichofanya mtu wa Palm mwaka 1996.

Unanunua simu leo? Uliza hivihivi

Kompyuta ya mezani imebadilishwa na akaunti ya mtandaoni, lakini hatari ni ileile. Simu inaibiwa kwenye daladala au matatu, inatumbukia kwenye maji, na pamoja nayo zinaondoka namba za wateja, za ndugu na za fundi uliyemtafuta mwaka mzima. Kabla hujalipa, pitia haya:

- Kompyuta unayotumia. Android ukiichomeka kwenye Windows, picha na mafaili yanaonekana. Kwenye Mac utahitaji programu ya ziada. iPhone kwenye Windows inatoa picha, ila nakala kamili ya simu inahitaji programu ya Apple.
- Tundu na kebo. Hakikisha kebo ya simu inaingia kwenye kompyuta uliyonayo. Siku hizi kebo nyingi zina USB-C pande zote mbili, na kompyuta za zamani hazina tundu hilo. Pia kuna kebo za bei rahisi zinazochaji tu, hazipitishi data.
- Namba zinahifadhiwa wapi. Unapohifadhi namba mpya, simu inakuuliza au inachagua yenyewe: laini, simu, au akaunti ya Google. Ikibaki kwenye simu tu, simu ikipotea nayo imepotea. Kwenye iPhone, angalia kama iCloud imewashwa kwa ajili ya namba.
- Simu ikizima moja kwa moja. Jiulize nini kitabaki. Ukikosa jibu, huna nakala.
- Kuhama. Hakikisha unaweza kutoa namba zako zote kama faili la vCard, lile linaloishia na .vcf. Aina hii ya faili imekuwepo tangu miaka ya 1990, na simu za Android, iPhone na kompyuta zote zinaisoma.

Jaribio la dakika tano

Huna haja ya kununua simu mpya ili uanze. Chukua simu uliyonayo, fungua sehemu ya majina na namba, ingia kwenye mipangilio, utafute mahali pa kutoa nakala. Hifadhi faili la vCard kwenye kompyuta, au jitumie kwa barua pepe.

Halafu fungua akaunti yako ya Google au iCloud kwenye kompyuta, utafute namba moja uliyohifadhi wiki hii. Ukiikuta, upo salama. Ukiikosa, namba hiyo ipo kwenye simu yako peke yake, na una kazi ya kufanya leo kabla hujalala.