Chapanauli, si "Barua Huru"

Katika masjala za halmashauri inazunguka orodha ya istilahi za ofisi, na ndani yake bahasha inayolipiwa kwa mashine bila kubandikwa stempu imepewa jina la "barua huru". Jina hilo limepitishwa na kamati. Wajumbe wake siwafahamu, wala hakuna aliyetuuliza sisi wa Ufukoni huku Mtwara, ingawa nasi tuna masjala na barua tunatuma. Nasema wazi kwamba jina hilo halifai.

Barua hiyo ina uhuru gani? Imewekwa kwenye mizani, thamani yake imegongwa kwa wino mwekundu pembeni juu kulia, na fedha za Posta zimekwisha kutengwa kabla mfuko haujafungwa. Kamati imeshika neno la kigeni linalotumika kuitia jina mashine hiyo, franki, bila kuuliza lilikotoka. Wafranki walikuwa watawala wa nchi ambayo leo ni Ufaransa. Kutokana na jina lao, *francus* ya Kilatini ikawa na maana ya mtu asiye mtumwa, kisha kitu kisichotozwa. Huko Uingereza mbunge alitia saini juu ya bahasha na barua ikaenda bure, hadi haki hiyo ilipofutwa mwaka 1840, mwaka ule ule ilipotoka stempu ya kwanza duniani. Malkia Victoria naye akaiachia haki yake. Mashine zilienea katika karne ya 20, zikarithi jina hilo la franki bila kurithi msamaha. Kwa hiyo kamati imetutafsiria maana iliyozikwa mwaka 1840.

Hata kwetu serikali ililipia barua zake. Mwaka 1961 Tanganyika ilitoa stempu zilizopigwa chapa ya matumizi ya ofisi, na Tanzania ikafanya vivyo hivyo mwaka 1965. Kama serikali ingepeleka barua bure, stempu hizo zingekuwa za nini?

Neno ninalolitetea ni *chapanauli*. Chapa tumeipata Bara Hindi, nayo imekaa vinywani mwetu kiasi kwamba hakuna anayeiona ngeni. Nauli ina safari ndefu zaidi: Wagiriki walisema *naulon*, malipo ya chombo, kutokana na *naus*, yaani meli, Waarabu wakalichukua, na pepo za kaskazi zikalifikisha pwani hii. Mikindani hakuna nahodha anayepakia gunia la korosho kabla ya kukubaliana nauli, nayo hutegemea uzito, umbali na haraka ya mwenye mzigo. Barua nayo hutozwa kwa mambo hayo hayo matatu. Tena neno linazaa: tunaweza kunaulisha barua, na barua ikanaulishwa. Mtaalamu mmoja ameandika kwamba tuseme "mlipotangulizi". Nimemsoma kwa heshima, lakini neno lake linahusu malipo ya aina yoyote, hata ya pango la nyumba, na sijamsikia karani hata mmoja akilitamka.

Kosa hili lina gharama. Mhasibu akiona "barua huru" kwenye kasma, haulizi kila bahasha imekula kiasi gani. Barua za kwenda TAMISEMI Dodoma, wiki moja, ofisi moja, zinaondoka kila moja na bahasha yake. Mwaliko wa kikao cha mwezi ujao unapelekwa kwa EMS, huduma ya haraka ya Posta, sawa na nyaraka za zabuni inayofungwa kesho. Kiambatisho kinachapwa upande mmoja wa karatasi, na karatasi ya mwisho inaipandisha bahasha daraja la uzito. Akisoma "nauli" atauliza, kama kila msafiri anavyouliza. Zinazokwenda mahali pamoja zifungwe pamoja, EMS iwekewe zenye tarehe ya mwisho, rejista ibaki kwa zinazohitaji saini ya mpokeaji, na nakala za taarifa tu zitumwe kwa barua pepe. Hayo makarani wanayajua kuliko mimi.

Orodha itakapochapwa upya, "barua huru" iondolewe, na mahali pake paandikwe: chapanauli, nomino, ngeli ya i-/zi-, kitenzi, naulisha.